Ndege ya Vita Chumbani mwa Kijana: Anajifunza Nini?

Mzazi akipita usiku mlangoni mwa chumba cha mwanawe na kumwona amekaa kimya mbele ya kompyuta, daftari liko wazi pembeni na kidole kinafuata mistari ya kitabu kinene, huenda akadhani kwamba kijana anadurusu masomo ya shule. Akiitazama skrini ataona chumba cha rubani kilichojaa saa, taa na swichi, na ndege iliyosimama tuli, injini zimezimwa. Akirudi baada ya nusu saa, ndege bado iko papo hapo. Huu si ule mchezo wa kufyatua risasi na kupiga kelele. Hii ni simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urukaji, na aliyeketi mbele yake ameanza somo linalochukua miezi.

Wazazi wengi huuliza kama somo hilo lina faida au ni kupoteza wakati. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina pande mbili. Ili kuziona zote mbili, hatuna budi kwanza kuelewa kijana huyo anafanya nini hasa.

Wazo lililozaliwa katika kiwanda cha vinanda

Kujifunza kuruka pasipo kuruka si jambo la leo. Edwin Link, Mmarekani aliyekulia katika biashara ya baba yake ya kutengeneza vinanda na ogani mjini Binghamton, jimbo la New York, alitengeneza mwaka 1929 kijidege cha mbao kisichotoka sakafuni. Alitumia mivukuto ya hewa, mfano wa ile ya ogani, kukifanya kiiname na kugeuka kila mwanafunzi alipoushika usukani. Mwanzoni wengi walikiona kuwa kitu cha kuchezea watoto katika viwanja vya burudani.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilikabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wasiozoea kuruka kwa kutegemea saa za ndege peke yake waliingia katika ukungu na dhoruba za majira ya baridi, na kadhaa wao wakafa. Ndipo jeshi likanunua mitambo sita ya Link. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, mitambo hiyo ilitengenezwa kwa maelfu. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtambo wa Link ulikuja kushika nafasi ya mama, mahali pa kukosea kabla ulimwengu haujaanza kufunza kwa ukali wake.

Ndege iitwayo Ngiri

Tuchukue mfano mmoja wa ndege ambazo vijana hujifunza leo, nayo ni A-10C ya Marekani. Ndege ya aina ya A-10 iliruka mara ya kwanza mwaka 1972. Ilibuniwa kushambulia vifaru, na puani mwake mna bunduki kubwa ya mitutu saba. Kwa sababu ya sura yake isiyopendeza, askari waliipa jina la mnyama tunayemjua vyema huku kwetu, ngiri. Mwaka 2011 kampuni ya Eagle Dynamics ilitoa programu ya kompyuta inayoiiga ndege hiyo karibu swichi kwa swichi, na kitabu chake cha maelekezo kina zaidi ya kurasa 600.

Somo la kwanza ni kuiwasha. Mwanafunzi huanza na swichi ya betri. Kisha huwasha injini ndogo ya msaada iliyo nyuma ya ndege, inayotoa umeme na hewa ya kuzungushia injini kubwa. Baada ya hapo huwasha injini ya kushoto, akaitazama saa ya joto na saa ya mzunguko mpaka zitulie, ndipo aende kwenye ya kulia. Chombo kinachoonyesha njia nacho huhitaji takriban dakika nne za kujitambua kilipo. Ndege ikisogezwa kabla ya dakika hizo kwisha, rubani ataruka bila kujua kwa yakini yuko wapi. Hapana njia ya mkato. Aliyeruka hatua ya tatu ataligundua kosa lake katika hatua ya kumi na tano, na mara nyingi hulazimika kuanza upya.

Somo la pili ni la mikono. Mkono wa kulia hushika fimbo ya kuongozea, wa kushoto hushika wenzo wa injini, na kila kimoja kina vifungo vingi, vingine vya kusukumwa pande nne. Kifungo kilekile hufanya kazi tofauti kulingana na skrini ipi iko katika zamu. Kwa hiyo haitoshi kujua kifungo kiko wapi. Kila mara lazima ajiulize, “Hivi sasa ninasema na chombo gani?” Wanaosuka ukili wataelewa hali hii. Mwanzoni macho hufuata kila unyaa, na baada ya siku nyingi vidole huenda vyenyewe, msukaji akawa anazungumza na jirani.

Somo ambalo wengi hulitaja kuwa gumu kuliko yote ni kujaza mafuta angani. Ndege ya mafuta hutangulia na kuteremsha mrija mrefu, na Ngiri hupaswa kukaa chini na nyuma yake, mita chache tu, bila kuyumba. Mwanafunzi akiona amepanda kidogo, huisukuma fimbo. Ndege hushuka mno, naye huivuta kwa hofu, ikapanda zaidi ya mwanzo, mpaka mrija unachomoka. Dawa yake si nguvu. Dawa ni kulegeza vidole, kuikodolea macho ile ndege kubwa badala ya mrija, na kusahihisha kosa likiwa bado dogo. Kijana aliyelipata jambo hili baada ya majaribio mengi amejifunza kitu ambacho hata mlezi wa watoto angependa kukijua.

Mazoezi yanapookoa

Kwa marubani wenyewe wa Ngiri, simuleta si pambo. Ndege hii ina kiti kimoja tu, na haikuingizwa jeshini ile ya viti viwili kwa ajili ya mafunzo. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayeirusha kwa mara ya kwanza yuko peke yake ndani yake. Mwalimu humfuata katika ndege nyingine na kusema naye kwa redio. Kila ambacho mikono yake inapaswa kukijua lazima iwe imekijua akiwa bado ardhini.

Tarehe 7 Aprili 2003, rubani wa kike wa Marekani, Kapteni Kim Campbell, alipigwa kombora angani Baghdad. Mfumo wa haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo yanayoisaidia mikono ya rubani kuongoza ndege, ukafa wote. Ndege ikaanza kuinamia ardhi. Alifuata hatua alizofunzwa, akageuza swichi inayomrudishia rubani uongozi wa nyaya za chuma, kazi inayotaka nguvu nyingi za mikono, akairusha ndege hiyo iliyotobolewa mpaka Kuwait na kutua salama. Kila msomaji ana maoni yake juu ya vita vile na juu ya waliokuwa chini ya mabomu. Hata hivyo, katika dakika ile aliokolewa na zoezi alilolifanya kabla ya siku ya kulihitaji.

Mazoezi yasipotosha

Siku kumi kabla ya hapo, tarehe 28 Machi 2003, marubani wawili wa ndege za aina hiyohiyo waliona msafara wa magari kusini mwa Iraq. Magari yalikuwa na vitambaa vya rangi ya machungwa, alama ya kuonyesha kwamba ni ya upande wao. Marubani walizidhani alama hizo kuwa makombora, wakashambulia. Walikuwa Waingereza, washirika wao. Askari mmoja aliuawa na wengine wakajeruhiwa. Video iliyorekodiwa ndani ya ndege ilitangazwa hadharani mwaka 2007, na inasikika wazi namna sauti za marubani zinavyovunjika wanapoambiwa walichokifanya.

Mikono ya watu wale haikukosea kifungo hata kimoja. Jicho ndilo lililokosea, na hukumu ikaharakisha. Hapa ndipo simuleta inapofikia ukomo wake. Haina uzito wa mwili unaogandamizwa kitini ndege inapokata kona, wala haina hofu ya kweli. Zaidi ya yote, haina maiti. Anayekosea hubonyeza kitufe kimoja, na magari yaliyoteketea husimama tena barabarani kama kwamba hakuna lililotokea. Kijana anayerudia jambo hilo mara mia anaweza kuzoea, bila kukusudia, kwamba alama ndogo kwenye skrini ni alama tu.

Wajibu wa mzazi

Basi, kumfungia kijana kompyuta kwa sababu tu ameonekana na ndege ya vita ni kumnyima somo la subira, mpangilio na usomaji wa vitabu vigumu ambalo shule nyingi haziwezi kumpa. Na kumwacha peke yake kwa sababu ametulia nyumbani ni kumnyima nusu ya pili ya somo hilo, nusu ambayo programu haikuandikiwa.

Mzazi hahitaji kujua kurusha ndege. Aketi kando ya mwanawe, wa kiume au wa kike, amwambie, “Hebu nieleze unavyoiwasha.” Anayeweza kumfafanulia mamake kila hatua na sababu yake amejifunza kweli, na asiyeweza atatambua mwenyewe pengo lake. Amwekee muda, maana swala, usingizi na masomo ya darasani havingoji mrija wa mafuta unase. Akitaka kujaribu ndege nyingine, programu hiyo huja na ndege mbili za bure, mojawapo ikiwa ya mafunzo isiyobeba silaha, nayo yafaa iwe mwanzo.

Kisha, siku kijana atakapokuwa amelenga magari yaliyo barabarani na kidole kikingoja, mzazi amuulize swali moja kwa upole, “Mwanangu, umejuaje walio ndani ya magari hayo ni kina nani?” Aachwe afikiri, hata kama ndege itaupita msafara ule bila kufyatua chochote.