Ujuzi wa kupandikiza konea umesonga mbele, nasi je?

Wazee wa Migori na Homa Bay huenda wangali wanakumbuka habari za usubi. Katika miaka ya 1940 na 1950, mtaalamu wa wadudu J.P. McMahon na wenzake walitia dawa ya DDT katika vijito vya Kodera na katika mito ya Kuja na Migori, wakamwangamiza inzi mdogo mweusi aliyeeneza minyoo ya upofu. Minyoo hiyo huacha makovu kwenye konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya mboni ya jicho. Inzi aliangamia, lakini makovu ya konea yangalipo, ila yana chanzo kingine.

Leo mkata miwa wa Awendo huchanwa jicho na jani, naye mchimba dhahabu wa Macalder hurukiwa na kipande cha jiwe. Kidonda hicho kikicheleweshwa, au kikitiwa maji ya mitishamba, huoza na kuacha kovu jeupe lizibalo nuru. Mtoto asiyechanjwa surua na aliyekosa vitamini A yumo hatarini vilevile. Tena wapo vijana ambao konea zao hupungua unene na kuchongoka mfano wa pia, hasa wenye mzio wanaofikicha macho kila uchao. Madaktari wa Hospitali ya Kikuyu, katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1996, walionyesha kwamba maradhi haya ya kuchongoka ndiyo yaliyoongoza miongoni mwa sababu za wao kupandikiza konea, na ndiyo yaliyopata nafuu njema zaidi.

Upandikizaji wenyewe si jambo geni. Mwaka 1905, huko Olomouc, Dkt. Eduard Zirm alimrejeshea nuru kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Kwa miongo mingi baada ya hapo, daktari alikata konea nzima na kushona nyingine mahali pake. Siku hizi hubadilishwa tabaka lililoharibika peke yake. Mwaka 1998 Gerrit Melles wa Uholanzi alieleza namna ya kubadilisha tabaka la nyuma tu. Wenye makovu ya juujuu na konea zilizochongoka huweza kubadilishiwa tabaka la mbele, wakabaki na la ndani walilozaliwa nalo, na hivyo hatari ya mwili kuikataa konea ngeni hupungua. Hata konea moja ya marehemu yaweza kugawanywa ikawafaa watu wawili.

Lakini ujuzi huo wote, msomaji mpenzi, hauna faida pasipo konea ya kupandikiza. Kwa miaka mingi hospitali zetu zimetegemea konea zitokazo ng'ambo. Nashindwa kuelewa kwa nini taifa linalozika watu wake kila siku liombe macho kwa wageni. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu mwenye akili timamu kuusia viungo vyake kwa wasia, kwa hati yenye mashahidi, au hata kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili.

Najua kizuizi kiko wapi. Kwetu maiti huheshimiwa, hurejeshwa nyumbani, na hutakiwa kuzikwa ikiwa kamili. Mila hiyo siidharau. Hata hivyo, konea ni kijitando chembamba kuliko milimita moja. Huondolewa saa chache baada ya kifo, na uso wa marehemu hauharibiki. Waombolezaji hawataona tofauti yoyote.

Kwa hivyo nasema mambo mawili. Kwanza, jicho lililoumia lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, lisitiwe dawa ya kubahatisha. Maana aliyepandikizwa huhitaji matone ya dawa na safari za kliniki kwa miaka, na kinga ni nafuu kuliko safari hizo. Pili, suala la kutoa konea lizungumzwe nyumbani wakati tungali hai, mbele ya wazee na watoto, lisingojewe msibani ambapo hakuna mwenye moyo wa kuamua. Wahenga walisema wema hauozi. Atakayekubali leo atamwachia kijana asiyemjua nuru ya kusoma, kulima na kuvua.