Likasi: Picha za zamani zilizochapwa kwa shaba, usikate pembeni yake

Wakaaji wa Likasi wanajua shaba kwa njia nyingi: kama kazi, kama mshahara uliochelewa, kama vumbi juu ya bati. Lakini kuna kazi moja ya shaba ambayo watu wanaizungumza kidogo. Toka mwisho wa karne ya 19, picha nyingi nzuri za milima, mito na maporomoko ya Afrika zilichapwa kwa bamba la shaba, karatasi moja kwa moja, kwa mkono wa fundi. Kwa Kifaransa wanasema héliogravure. Kwa Kiswahili tuseme tu heliogravuri.

Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazitafuta. Huku kwetu karatasi kama hiyo inaweza kuwa inalala katika sanduku la babu aliyetumikia Union Minière, ao ndani ya kitabu ambacho panya wamekwisha kuanza. Siku ya kugawa mali ya marehemu, watoto wanaangalia kwanza kadre. Kadre inabaki, picha inatupwa.

Namna gani shaba inaleta picha? Karel Klíč, mtu wa Bohemia, ndiye alitengeneza njia hiyo vizuri mwaka 1879. Fundi anamwaga unga laini wa ulimbo juu ya bamba la shaba, anaupasha moto ili ushike. Kiisha anabandika juu yake jelatini iliyopigwa mwangaza kupitia picha. Mahali mwangaza ulipita sana, jelatini inakuwa ngumu. Mahali pa giza, inayeyuka katika maji ya moto na kubaki nyembamba. Halafu bamba linaingia katika dawa kali. Dawa inakula shaba: sana pale jelatini iko nyembamba, kidogo pale iko nene. Kwa hiyo kivuli cha mti kinakuwa shimo lenye kina, na anga inabaki karibu laini. Wino unapakwa, unapanguswa kwa kitambaa na kiganja, karatasi yenye unyevu inalazwa juu, mashini inakamua. Karatasi moja imetoka. Kwa ile ya pili, unaanza tena kupaka wino.

Mtu aliyetumika Shituru, kule shaba inayeyushwa katika asidi na kurudishwa kwa umeme, hatashangaa sana.

Mfano mkubwa katika mashariki ya inchi yetu uko Ruwenzori, juu ya mpaka wa Kongo na Uganda. Mwaka 1906 mjukuu wa mfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda kule kupitia upande wa Uganda. Alikuwa pamoja na mpiga picha Vittorio Sella, aliyebebesha watu vioo vizito vya kupigia picha mpaka kwenye barafu. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1908, kikiwa na picha zake za heliogravuri. Wakati ule barafu ilifunika kilometa mraba 6 na zaidi. Leo haifiki hata kilometa mraba moja. Wataalamu wanaopima barafu wanarudi kwenye picha za Sella ili kuona ilifika wapi. Hapo karatasi iliyokuwa pambo la sebule inakuwa shahidi.

Likasi nayo ina mahali pa namna hiyo. Upande wa mashariki, juu ya mto Lufira, kuna maporomoko ya Mwadingusha, ambayo Wabelgiji waliita Chutes Cornet kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe aliyefika Katanga miaka ya 1890. Mwaka 1930 santrali ya umeme ya Francqui ilifunguliwa pale juu ya viwanda vya shaba. Maji yalizuiwa, ziwa Tshangalele likapatikana. Picha ya kabla ya kizuizi inaonyesha mto ambao mtoto wa leo hawezi kuuona tena, hata akienda na miguu mpaka pale.

Sasa ukipata picha ya zamani, chukua lupe. Kama unaona vitone vilivyopangwa kwa mistari kama askari, ni uchapaji wa kawaida wa gazeti. Heliogravuri ya mkono haina mpango huo: ni chembe ndogo zisizo sawa, na weusi wake ni mzito kama masizi. Tena pitisha kidole pembeni. Bamba likikamuliwa linaacha alama ya kubonyea kuzunguka picha. Ukikata pembeni ili iingie katika kadre ndogo, umetupa ile alama, na mara nyingi umetupa pia jina la mpiga picha na la mchapaji.

Tusidanganyane: nyingi zinazopatikana nyumbani zilitoka kwa mashini kubwa ya silinda, juu ya karendari na magazeti. Mnunuzi wa Ulaya hatazilipa sana. Kwa historia ya mji ziko na maana vile vile.

Usizibandike kwa skochi, usizitie plastiki ya moto. Weka mbali na jua na ukuta wenye maji, katikati ya karatasi nyeupe safi. Sammy Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za wafanyakazi kutoka akiba ya Union Minière na kuziweka juu ya picha za viwanda vilivyobomoka. Kazi hiyo, Mémoire, ya mwaka 2006, isingewezekana kama hizo picha zingetupwa.

Kitu kimoja wazungu hawakuandika chini ya picha zao: majina ya wabebaji, na mara nyingi jina ambalo wenyeji walikuwa wanaita kilima. Jadotville imerudi kuwa Likasi toka 1966, lakini chini ya picha bado ni Jadotville. Kama kuna mzee anayetambua mahali ao mtu, andika maneno yake nyuma ya karatasi, kwa kreyo, polepole, pamoja na tarehe. Biki hapana: wino wake unapita mpaka upande wa mbele.