Feni ya umeme kwenye gari la zamani: kwa nini swichi ya dashibodi haitoshi

Umekaa kwenye foleni ya Mbezi, saa nane mchana, ndani ya Land Rover Series III ya petroli. Kutoka Chalinze gari limekuja vizuri tu. Sasa limesimama dakika kumi na mshale wa joto unapanda. Ukikanyaga mafuta kidogo huku umesimama, mshale unashuka. Ajabu, sivyo? Injini inazunguka kwa kasi zaidi, halafu inapoa.

Sababu ni feni. Kwenye gari hilo feni inazungushwa na fenibelti, kwa hiyo kasi yake inafuata kasi ya injini. Kwenye foleni injini inazunguka polepole, basi na upepo ni mdogo. Barabara kuu upepo wa mwendo unapita wenyewe kwenye rejeta, lakini feni bado inazungushwa, tena kwa nguvu nyingi: kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa huongezeka kama mara nane. Yaani feni inafanya kazi sana pale isipohitajika. Ya umeme inazunguka kwa kasi yake hata injini ikiwa taratibu, ndiyo maana wenye magari ya zamani wanaipenda.

Ila jiulize kwanza: gari linachemsha hata likiwa kwenye mwendo? Kama ndiyo, feni huenda siyo tatizo. Kagua rejeta iliyoziba, thamostati iliyokwama na gasketi ya silinda hedi. Feni mpya haitibu hayo.

Hesabu ambayo wengi wanairuka

Tuchukue feni ya wati 200. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampea 17. Inapoanza kuzunguka inavuta mara mbili au tatu ya hapo, kwa muda mfupi.

Baba yangu mdogo alifungiwa feni kama hiyo kwa njia ya mkato: waya mwembamba kutoka betri hadi swichi ya dashibodi, kisha kurudi mbele hadi kwenye feni. Baada ya wiki chache alisikia harufu ya plastiki. Tulipofungua, swichi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na fyuzi haikuwepo kabisa.

Fizikia yake ni hii. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 6, una ukinzani wa omu 0.14 hivi. Ampea 17 zikipita humo, unapoteza karibu volti 2.4 njiani, na wati 40 zinageuka joto ndani ya waya. Feni inapata volti pungufu, inazunguka kivivu, na gari bado linachemsha. Umepata hasara mara mbili.

Sasa tumia waya wa milimita za mraba 4, urefu wa mita 2. Unapoteza volti 0.15 tu, na joto ni wati 2 na nusu.

Viungo navyo si vya kudharau. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu kikifika ukinzani wa omu 0.1, hapo peke yake kuna wati 29, sawa na solda ya fundi redio. Tumia vishikizo vya kubana kwa koleo lake.

Relei: mkondo mdogo unaamuru mkubwa

Relei ni swichi inayowashwa na sumaku ya umeme. Koili yake inavuta kama ampea 0.2 tu, kwa hiyo swichi na nyaya za kuiamuru zinaweza kuwa nyembamba. Mkondo mkubwa unapita njia fupi, mbele kwenye injini. Miguu yake ina namba:

- 30: kutoka chanya ya betri, kupitia fyuzi ya ampea 30 iliyo karibu kabisa na betri.
- 87: kwenda chanya ya feni. Hasi ya feni inakwenda kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi.
- 86: kutoka waya unaopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa, kupitia fyuzi ndogo.
- 85: kwenda kwenye swichi ya joto, kisha bodi.

Fyuzi inalinda waya. Waya ukisuguliwa na chuma kabla ya fyuzi, betri inaweza kumwaga mamia ya ampea papo hapo, na huo ni moto.

Swichi ya joto ichague kwa kuangalia thamostati. Kama thamostati inafunguka nyuzi 82, na swichi umeifunga upande wa maji ya moto yanayotoka kwenye injini, feni iwake kwenye nyuzi 92 hadi 95. Ukiweka swichi ya nyuzi 80, feni haitapumzika.

Umeme wenyewe unatoka wapi?

Series III nyingi zilitoka na alteneta ya Lucas ya ampea 34, na injini ikizunguka polepole haifiki hapo. Sasa jumlisha: feni 17, taa kubwa karibu 10, waipa, koili ya plagi. Usiku, mvua, foleni: betri inachangia, na kesho asubuhi gari haliwaki. Chagua feni ndogo inayotosha, au badilisha alteneta.

Kabla hujafunga boneti

Magari kadhaa ya Uingereza ya miaka ya sitini yaliunganishwa chanya kwenye bodi, kwa hiyo hakikisha kwanza. Mota nyingi za feni hizi ukigeuza nyaya zinazunguka kinyume, na feni inapigana na upepo wa mwendo. Shika karatasi mbele ya rejeta: kama feni imefungwa nyuma yake, karatasi inapaswa kuvutwa na kuganda.

Feni hii pia inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa lakini ufunguo uko wazi. Chomoa ufunguo kabla ya kuingiza mkono.

Mwisho, usitupe feni ya zamani. Acha gari liungurume limesimama nusu saa juani, uone feni mpya ikiwaka na kuzima yenyewe zaidi ya mara moja, kisha gusa waya na viungo vyote, mbali na mapanga. Vikiwa vuguvugu tu, nenda Mbezi.