Chipu mpya haifuti kasiterite yetu

Kuko maneno yanazunguka kwenye nyumba za kununulia madini, toka Baraka mpaka Misisi: eti komputa za meza zinabadilisha prosesa, kwa hiyo madini yetu hayatatafutwa tena. Sisi wa sendika tunasema hiyo ni bongo ya kushusha bei.

Kubadilisha kwenyewe ni kweli. Tarehe 22 Juni 2020 Apple ilitangaza itaacha prosesa za Intel na kutia zake yenyewe. Kufika Juni 2023, komputa zake zote mpya za meza zilikuwa zimehama. Sasa watu wanabahatisha zijazo zitabeba chipu gani.

Lakini tufungue mashini, tuangalie. Prosesa ni silisiamu, inatoka kwenye mawe ya kwartzi; hiyo haikuwa yetu hata siku moja. Iwe ya zamani, iwe mpya, inachomewa kwenye ubao wake kwa etain, na etain ni kasiterite. Pembeni mara nyingi kuko vikondensata vya tantale, ile ya koltani.

Dhahabu ya Misisi? Elektroniki inakula sehemu ndogo tu; nyingi inaenda kwenye mapambo na kwenye benki.

Kinachotutesa ni kingine: mwaka 2024 Apple iliambia wasambazaji wake waache madini ya Kongo na Rwanda. Hapo etiketi ya gunia ina uzito kuliko prosesa. Negosia akikutajia chipu, ndugu, muulize kwanza leo etain iko bei gani London, ndiyo mupime.