Mafuta Gani Humfaa Sungura?

Mfugaji wa sungura wa Dadamu, pembeni mwa mji wa Arua, hana shida ya kupata mafuta ya kuongeza kwenye lishe. Kuna mashudu ya simsim na ya alizeti, kuna mafuta ya ng'ombe kutoka machinjioni, na kuna shea, mti wa asili wa West Nile. Gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9 hivi, ya wanga 4. Ila nguvu hiyo humfaa mnyama pale tu mafuta yanapopenya ukuta wa utumbo. Yasipopenya, hutoka na kinyesi.

Kazi hufanyika kwenye utumbo mwembamba. Nyongo huyatawanya mafuta kuwa matone madogo, kama sabuni kwenye sufuria ya nyama, kisha vimeng'enya vya kongosho huyakata na kuachia asidi za mafuta. Hapo ndipo aina zinapoachana njia. Asidi ya oleiki, iliyojaa kwenye simsim, huyeyuka kwenye nyuzijoto 13 hivi. Asidi ya steariki, nyingi kwenye mafuta ya ng'ombe, huyeyuka karibu na 69, na mwili wa sungura una 39 tu. Steariki hujichanganya kwa shida na nyongo, na ikikutana na kalsiamu hugeuka sabuni ngumu isiyofyonzwa. Shea imekaa katikati: ile ya huku ina oleiki nyingi na ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, lakini steariki yake si haba.

Wafugaji wa Denmark wa minki, mnyama mdogo afugwaye kwa manyoya yake, walizingatia jambo hilohilo kabla serikali yao haijaamuru mifugo hiyo iuawe Novemba 2020 kwa hofu ya korona. Minki humeng'enya mafuta ya samaki vizuri kuliko ya ng'ombe. Lakini yeye ni mla nyama, huhimili mafuta mengi. Sungura ni mla majani: mafuta yakizidi asilimia 5 hivi ya lishe, nyuzinyuzi hupungua, bakteria wa utumbo wake mpana huvurugika, na kuhara hufuata.

Vitoto tu ndio wenye ruhusa ya mafuta mengi. Maziwa ya mama yao yana mafuta asilimia 12 hivi, mara tatu ya maziwa ya ng'ombe. Sehemu kubwa ni asidi za urefu wa kati, kapriliki na kapriki, ambazo hufyonzwa upesi na kudhibiti vijidudu tumboni. Anayewaachisha mapema huwanyang'anya chakula na kinga kwa pamoja.

Kwa hiyo nyasi na majani yabaki msingi, na mashudu yawe nyongeza ndogo. Ya mashine ndogo za kukamulia hubakiza mafuta mengi kuliko ya viwandani, basi yapimwe kwa uangalifu zaidi. Yanuse kwanza: yenye harufu kali yamechacha na huharibu vitamini E. Yenye ukungu, hasa ya karanga, yatupwe, kwani sungura hudhurika haraka na sumu ya aflatoksini.

Mnunuzi naye ana la kuangalia. Sungura huweka mwilini asidi za mafuta karibu kama alivyozila, hivyo aliyelishwa alizeti nyingi huwa na mafuta ya figo laini, na nyama yake huchacha upesi isipopikwa mapema.