Tiki Moja Si Ushahidi: Simu, Wivu na Ndoa

Je, umewahi kumwandikia mwenzio usiku kwenye WhatsApp, kisha ukakesha ukitazama kama amejibu? Huenda wewe uko Namoto na yeye amevuka Mto Ruvuma kutafuta riziki upande wa Mtwara. Au vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vimewatenganisha, yeye yuko Pemba na watoto. Ndoa ya namna hii huishi ndani ya simu, na ugomvi nao huanzia humo humo.

Tuanze na zile tiki. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwake: simu imezimika, hakuna mtandao, au bando limekwisha. Ni kweli kwamba hata aliyekufungia hukuonyesha tiki moja, lakini chaji huisha mara nyingi zaidi. Tiki mbili za kijivu, umefika. Zikiwa za buluu (zilianza Novemba 2014), ameufungua. Kuufungua si kupata nafasi ya kujibu. Na ukimwona yuko hewani, simu haikuambii anaongea na nani; pengine ni mama yake.

Sisi wa mpakani tuna jambo jingine. Mtu akitoa laini ya Msumbiji na kuweka ya Tanzania, ukimpigia kwa namba ya zamani humpati. Mwambie mwenzio kabla hujabadilisha. Ni sentensi moja tu, lakini inaokoa usiku mzima.

Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika. Ukimya wa siku zile haukuhusiana na mapenzi hata kidogo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, waliwahoji wanafunzi 308. Waliotumia muda mwingi zaidi kwenye Facebook ndio waliokuwa na wivu zaidi uliotokana na Facebook. Watafiti walidhani ni mzunguko: unaona jambo lisiloeleweka, unaingiwa na wivu, unarudi kupekua, unaona jingine. Wale walikuwa vijana wa chuo, si watu waliokimbia makwao, lakini huenda unaujua mzunguko huo.

Kuna na picha za wenzetu. Jirani anaonyesha capulana mpya aliyonunuliwa na mumewe. Deni la dukani halimo pichani. Ukianza kumlinganisha mumeo na picha, atashindwa kila siku.

Pangeni saa ya kuongea, mkijua chaji na bando ni vya shida. Jambo la wivu liulizwe kwa sauti, si kwa maandishi, maana maandishi hayana toni. Na ikiwa simu ni moja ya nyumba nzima, uliza kwanza ujumbe ni wa nani.

Lakini kumpiga mke, kuvunja simu yake au kumzuia asiongee na ndugu zake usikuite wivu wa mapenzi. Msumbiji ina Sheria Namba 29/2009 dhidi ya ukatili wa nyumbani kwa wanawake. Ukiumizwa, nenda kituo cha afya. Ukilazimishwa kufanya ngono, hata na mumeo, wahi: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Kama simu imevunjwa, usingoje ipatikane nyingine. Mtume jirani unayemwamini, au njoo mwenyewe.