Mwendo Huru wa Pedali ya Klachi

Gari la michezo aina ya Porsche 356 lilianza kutengenezwa mwaka 1948 huko Gmünd, Austria, kisha Stuttgart, Ujerumani, hadi mwaka 1965. Injini yake iko nyuma, ilhali pedali ya klachi iko mbele, miguuni pa dereva. Kiungo baina ya sehemu hizo mbili ni waya wa chuma. Waya huo haujirekebishi wenyewe. Hivyo magari ya aina hiyo yaliyosalia huhitaji kupimwa pedali mara kwa mara.

Jinsi klachi ifanyavyo kazi

Sahani ya klachi hubanwa kwa springi kati ya gurudumu zito la injini na sahani nyingine iitwayo sahani ya kubana. Msuguano baina yao ndio upelekao nguvu za injini kwenye giaboksi. Dereva akanyagapo pedali, waya huvuta wenzo. Wenzo husukuma beringi. Beringi nayo husukuma vidole vya klachi. Hapo sahani ya kubana hurudi nyuma na sahani ya klachi huachiwa.

Pedali isipokanyagwa, beringi haipaswi kugusa vidole hivyo. Baina yao huachwa pengo dogo, ambalo dereva hulihisi mguuni kama mwendo mwepesi kabla pedali haijawa nzito. Huo ndio mwendo huru. Ikiwa, kwa mfano, mfumo mzima wa wenzo una uwiano wa 10 kwa 1, pengo la milimita 2 kwenye beringi huwa milimita 20 kwenye pedali. Ndiyo kanuni ya wenzo: nguvu ndogo hushinda kani kubwa, lakini kwa kusafiri masafa marefu zaidi. Kipimo kinachotakiwa katika Porsche 356 ni milimita 20 hadi 25.

Uchakavu hupunguza mwendo

Katika bawaba ya mlango, uchakavu huleta ulegevu. Katika klachi hii mambo ni kinyume. Sahani ya klachi ikiliwa huwa nyembamba. Sahani ya kubana husogea kuelekea gurudumu la injini, na ncha za vidole hukaribia beringi. Pengo hupungua hadi kwisha. Kwa hiyo pedali isiyo na ulegevu wowote, ambayo dereva aweza kuifurahia, huonya kwamba beringi inasukuma vidole wakati wote. Springi hazibani tena sawasawa, sahani huteleza, hupata joto na kuungua. Kuibadilisha hulazimu kushusha injini nzima.

Kupima na kurekebisha

Injini ikiwa imezimwa, rula husimamishwa kando ya pedali, na pedali husukumwa kwa mkono hadi ianze kuwa nzito. Kipimo kikipungua, gari huinuliwa na kuwekwa juu ya vigingi imara, magurudumu yakizuiwa. Jeki peke yake haitoshi. Kwenye mwisho wa waya, karibu na giaboksi, nati ya kufungia hulegezwa, kisha nati ya kurekebishia hufunguliwa kidogo kidogo, waya ukishikwa usijisokote. Pedali hukanyagwa mara kadhaa na kupimwa upya, kisha nati ya kufungia hukazwa.

Mwendo ukizidi, klachi haitaachia kabisa. Ili kuhakikisha, injini huwashwa gari likiwa chini, pedali hukanyagwa hadi mwisho, na baada ya sekunde chache gia ya kurudi nyuma huingizwa. Ikikwaruza, sahani bado inazunguka.

Ikiwa kipimo ni sahihi lakini injini huongeza mzunguko bila gari kuongeza kasi, sahani imekwisha au imeingiwa na mafuta. Hapo hakuna nati iwezayo kuiponya. Marekebisho hurudisha pengo, hayarudishi sahani iliyokwisha kuliwa.